Marashi na Manukato: Maneno Mawili, Asili Mbili

Lugha ya Kiswahili ina maneno mengi yanayotaja harufu nzuri na vitu vinavyoitoa. Miongoni mwake ni marashi, manukato, uturi, udi, ubani, miski, ambari na mnukio. Mawili katika hayo, yaani marashi na manukato, aghalabu hutumiwa kana kwamba ni neno moja. Mtu akiulizwa lipi kati ya hayo mawili ni la Kibantu na lipi limetoka katika Kiarabu, kwa kawaida hutazama umbo la nje. Marashi huanza na ma-, kama maji, mafuta na maziwa. Kwa hiyo hudhaniwa kuwa ni la Kibantu. Manukato huishia kwa -ato, na wengi husikia humo ile -at ya wingi wa Kiarabu. Kwa hiyo hudhaniwa kuwa ni la kigeni. Dhana hizo zote mbili si sahihi. Marashi ndilo lenye asili ya Kiarabu, na manukato ndilo la Kibantu.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mara kwa mara husemwa kwamba watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawakuwa na majina ya vitu vya anasa na usafi mpaka walipoletewa na majahazi. Kauli ya namna hiyo hujengwa juu ya hesabu ya maneno ya mkopo, na hesabu ya maneno ya mkopo hujengwa juu ya kutambua asili ya kila neno. Msingi ukiwa ni kukisia kwa sikio, historia yote inayojengwa juu yake itakuwa na ufa. Makala haya yanaeleza asili ya maneno hayo mawili na njia ya kuipima, kisha yanaonyesha uhusiano wa maana zake na elimu ya kemia inayofundishwa katika shule za sekondari.

Marashi: neno la kunyunyiza

Katika Kiarabu, kitenzi rashsha maana yake ni kunyunyiza. Konsonanti zake za msingi ni r-sh-sh, na kutokana nazo hupatikana jina mirashsh, yaani chombo cha kunyunyizia. Chombo hicho kinajulikana vizuri Oman na katika Ghuba, na pia Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu. Ni chupa ya fedha, shaba au kioo, yenye tumbo la mviringo na shingo ndefu nyembamba, na kichwani mwake mna matundu madogo. Katika maulidi na arusi, wageni hunyunyiziwa kwa chombo hicho maji ya waridi mikononi na nguoni. Kiswahili hukiita mrashi, na kilichomo ndani yake hukiita marashi.

Hapa yapo mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni la sauti. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na konsonanti iliyokazwa kama shsh ya Kiarabu haina nafasi. Kwa hiyo mkazo hulegezwa na irabu huongezwa mwishoni. Ndivyo haqq ilivyokuwa haki, na hajj ikawa haji; ndivyo pia rashsh ilivyokuwa rashi.

La pili ni la ngeli. Neno likishaingia katika Kiswahili hupangwa katika ngeli kwa kufuata umbo lake au maana yake. Kitabu kilipoingia, silabi yake ya kwanza ilichukuliwa kuwa ni kiambishi ki-, na wingi wake ukawa vitabu, ijapokuwa katika Kiarabu ki hiyo ni sehemu ya mzizi wenyewe. Mirashsh nayo ilipata umoja mrashi na wingi mirashi, kama mti na miti. Lakini kilichomo ndani ya chombo ni kioevu, na vioevu vya Kiswahili huelekea kukaa katika ngeli ya ma-: maji, mafuta, maziwa, mate, machozi, matope. Marashi yalikaa pamoja na ndugu hao wa maana, yakapata upatanisho wao: marashi haya, marashi yamemwagika. Wala hapana mtu asemaye rashi moja, kama vile hapana asemaye ji moja kwa kukusudia tone la maji.

Mzizi huo haukuishia katika chupa ya waridi. Mvua nyepesi inayodondoka matone madogo madogo huitwa mvua ya rasharasha. Bunduki inayotawanya risasi kwa mfululizo huitwa bunduki ya rashasha. Mvua, bunduki na marashi havifanani kwa lolote ila kwa jambo moja, nalo ni kutawanya vitu vidogo vidogo vingi kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo maana ya mzizi. Hivyo, kwa asili yake, neno marashi halitaji harufu hata kidogo. Linataja namna kioevu kinavyotiwa mwilini au nguoni. Harufu ilikuja baadaye, kwa sababu kilichokuwa kikinyunyizwa kilikuwa kikinukia. Na kwa kuwa kinyunyizwacho ni matone machache ya maji yenye harufu, marashi yalibaki na maana ya harufu nyepesi, tofauti na udi unaofukizwa chetezoni ukakaa katika nguo siku kadhaa.

Manukato: neno la ukoo

Neno manukato linagawanyika hivi: ma-nuka-to. Sehemu ya katikati ni kitenzi nuka, kinachojulikana na kila msemaji wa Kiswahili. Sehemu ya mwisho ndiyo iliyowapoteza wengi. Katika Kiswahili cha zamani kilikuwapo kiambishi tamati -to chenye maana ya -zuri, -ema au vizuri, na wanasarufi wa karne ya 19 walikisajili kilipokuwa bado kinasikika. Manuka ni harufu za namna yoyote; manukato ni harufu njema. Kuweka ni kuweka tu. Kuwekato ni kuweka vizuri, mahali panapostahili. Leo kiambishi hicho hakitumiki tena katika mazungumzo ya kila siku, lakini kimehifadhiwa ndani ya neno manukato.

Umbo lenyewe linakanusha dhana ya Uarabuni. Wingi wa Kiarabu wenye -at umeingia katika Kiswahili katika maneno kadhaa, kama vile harakati na hayawanati. Maneno hayo yote huishia kwa -ati. Irabu inayoongezwa baada ya t ya mwisho huwa kwa kawaida ni i, kama inavyoonekana pia katika binti, bahati, wakati na sauti. Kama manukato lingekuwa ni wingi wa Kiarabu, lingetazamiwa kuwa manukati. Ile o ya mwisho, inayoonekana kuwa ni jambo dogo, ndiyo shahidi wa kwanza.

Sauti kwa sauti

Shahidi wa pili ana nguvu zaidi, naye hapatikani ndani ya Kiswahili peke yake. Elimu ya kulinganisha lugha za Kibantu iliwekewa msingi na Carl Meinhof katika kitabu chake cha mwaka 1899 kuhusu sauti za lugha hizo, ikaendelezwa na wengine, hasa Malcolm Guthrie aliyetoa kazi yake kubwa kati ya mwaka 1967 na 1971. Kanuni yake kuu ni hii: kufanana kwa maneno mawili si ushahidi. Ushahidi ni kufanana, au hata kutofautiana, kwa utaratibu unaojirudia katika maneno mengi.

Chukua Kichewa, lugha ya Malawi inayosemwa pia katika sehemu za Zambia na Msumbiji. Yalinganishe maneno yake na ya Kiswahili:

Kichewa nkhuku – Kiswahili kuku
Kichewa nkhuni – Kiswahili kuni
Kichewa mphete – Kiswahili pete
Kichewa mphepo – Kiswahili upepo
Kichewa nunkha – Kiswahili nuka

Katika kila mstari, penye n au m mbele ya k au p katika Kichewa, Kiswahili hakina sauti hiyo ya puani. Imedondoka. Katika matamshi ya Mombasa na Lamu athari yake bado inasikika: k ya kuku hutamkwa kwa pumzi, kana kwamba n iliyoondoka iliacha nyayo. Kikuyu nacho kilifuata njia nyingine. Hakikuidondosha n, bali kiliigeuza k iliyoifuata kuwa g. Kuku katika Kikuyu ni ngũkũ, na nuka ni nunga. Lugha tatu, njia mbili tofauti, na katika kila lugha kuku na kunuka vimetendewa jambo lile lile. Utaratibu wa namna hii hauwezi kutokea kwa bahati, wala hauwezi kutokea kama neno lingekuwa ni geni lililoshuka bandarini na kusambaa bara. Neno nuka limetoka kwa wazee wa lugha hizo zote, kabla hazijaachana.

Lipo na jambo jingine la kustaajabisha. Katika Kiswahili, kunuka ni kutoa harufu mbaya, na kunukia ni kutoa harufu nzuri. Nukia ni nuka katika kauli ya kutendea, kama pita na pitia. Katika Kichewa, nunkha ni kunuka vibaya, na nunkhira ni kunukia vizuri. Tofauti ya -ira na -ia ni ya kawaida: Kiswahili kimedondosha sauti hiyo ya kati, kama Kichewa pitira kinavyolingana na Kiswahili pitia. Kwa hiyo si mzizi tu ulio mmoja. Hata namna ya kuugeuza mzizi wa harufu mbaya kuwa harufu nzuri, kwa kuongeza kiambishi kile kile, ni moja. Kutoka katika nukia limepatikana jina mnukio, na kutoka katika nuka limepatikana mnuko. Kitenzi nusa, yaani kutumia pua, ni cha ukoo huo huo, na Kichewa kina mwenziwe nunkhiza.

Inafaa mwalimu awatahadharishe wanafunzi juu ya kigezo kimoja kinachovutia lakini kisichotosha. Baadhi ya watu husema kwamba neno linalonyambulika kwa urahisi ni la Kibantu. Sivyo. Hesabu limetoka katika Kiarabu, lakini husemwa hesabia, hesabiwa na hesabika. Lugha humvika mgeni nguo za nyumbani. Kinachotofautisha mwenyeji na mgeni si nguo, bali ni ndugu anaoweza kuwataja huko bara, na utaratibu wa sauti unaowaunganisha nao.

Jina si kitu

Baada ya kuthibitisha asili ya neno, mtu anaweza kuharakisha na kusema kwamba jina likiwa la kigeni, kitu nacho ni cha kigeni. Hilo ni kosa jingine, nalo hukosolewa vizuri na neno ambari.

Ambari ni kitu kinachotengenezwa ndani ya matumbo ya aina moja ya nyangumi mkubwa, kikatupwa baharini na mawimbi yakakileta pwani. Jina lake ni la Kiarabu, anbar. Lakini Al-Masudi, msafiri na mwandishi wa karne ya 10 aliyefika katika bahari ya Zanji, aliisifu ambari iliyopatikana katika visiwa na fukwe za bahari hiyo. Kitu kilitoka hapa kikaenda huko. Jina lilitoka huko likaja hapa. Sababu yake si ngumu kuiona. Jina linaloshinda katika biashara aghalabu ni la mnunuzi anayekilipia, wala si la aliyekiokota.

Karafuu ni mfano wa upande wa pili. Jina ni la Kiarabu, qaranful, na mti wenyewe pia ni mgeni: kwao ni visiwa vya Maluku katika Indonesia ya leo, na uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Hapo jina na kitu vyote viwili vimetoka nje, ijapokuwa kila kimoja kimetoka mahali pake. Ubani nao una jina la Kiarabu, luban, na miti yake huota kusini mwa Uarabuni na Somalia pia. Kwa hiyo orodha ya maneno ya mkopo ni kumbukumbu ya mahusiano ya biashara. Si orodha ya vitu ambavyo watu hawakuwa navyo. Na katika orodha hiyo yote ya majina ya vitu, tendo lenyewe la kunukia limebaki na jina la Kibantu.

Kwa nini marashi ni mepesi

Yafaa sasa kuuliza kile kinachoitwa wepesi wa marashi ni nini. Harufu hufika puani pale molekuli za kitu zinapoachana na kitu hicho, zikawa mvuke na kuchanganyika na hewa. Kitu ambacho molekuli zake haziondoki hakina harufu. Ndiyo sababu chumvi ya mezani na glasi havinukii. Molekuli zinazoondoka upesi hufika upesi na huisha upesi. Zinazoondoka polepole hudumu.

Maji ya waridi yana kemikali iitwayo alkoholi ya feniliethili, ambayo uzito wa molekuli yake ni 122 na huchemka katika nyuzi 219 hivi za Sentigredi. Rihani na asumini zina linalooli, yenye uzito wa 154. Katika mti wa sandali, kemikali kuu ni santaloli, yenye atomi 15 za kaboni na uzito wa 220, na huchemka karibu na nyuzi 300. Kemikali nyingi za udi nazo ni za kundi hilo la atomi 15 za kaboni. Kwa kuzilinganisha, msomaji anaona kwa nini harufu ya waridi hutoweka kabla ya ile ya sandali. Hata hivyo, uzito si kigezo pekee. Maji yana molekuli yenye uzito wa 18 tu na huchemka katika nyuzi 100, ilhali propani yenye uzito wa 44 huchemka katika nyuzi 42 chini ya sifuri. Nguvu zinazozishika molekuli pamoja lazima zihesabiwe pia.

Maji ya waridi hupatikana kwa kukeneka. Katika milima ya Jabal Akhdar huko Oman, petali za waridi huchumwa majira ya kuchipua, hasa mwezi wa Aprili. Kwa njia ya jadi, petali hutiwa katika chungu pamoja na maji, na ndani yake huwekwa chombo kidogo cha kukingia. Juu hufunikwa kwa chombo chenye maji baridi. Moto ukiwashwa chini, mvuke hupanda, hugusa kitako kile cha baridi, hugeuka matone na kudondokea katika kikingio.

Mwanafunzi mwangalifu atauliza: iwapo kemikali ya waridi huchemka katika nyuzi 219, inawezaje kupanda na mvuke wa maji yanayochemka katika nyuzi 100? Jibu ni kwamba mafuta na maji visivyochanganyika kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo. Kanieneo za mivuke hiyo miwili hujumlishwa. Jumla ikilingana na kanieneo ya hewa, mchanganyiko huchemka, na kwa kuwa kila kimoja kinachangia, hilo hutokea chini kidogo ya nyuzi 100. Kwa kanuni hiyo hiyo kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, hukeneka mafuta kutoka katika makonyo ya karafuu. Kemikali yake kuu, yujinoli, huchemka katika nyuzi 254 hivi inapokuwa peke yake.

Lakini mbona maji ya waridi yenyewe, baada ya mafuta kuenguliwa juu, bado yananukia? Ni kwa sababu alkoholi ya feniliethili, tofauti na sehemu nyingi za mafuta ya waridi, huyeyuka katika maji kwa kiasi cha kutosha, yapata gramu 20 katika lita 1. Hiyo ndiyo inayobaki ndani ya mrashi.

Lipo kosa moja la madarasani linalofaa kusahihishwa hapa. Mwalimu hufungua chupa ya marashi mbele ya darasa, na baada ya dakika moja au mbili wanafunzi wa nyuma huinua mikono. Huelezwa kwamba huo ni mtawanyiko wa molekuli. Hesabu inakataa. Kadiri ya mtawanyiko wa molekuli za aina hii katika hewa ni kiasi cha sentimita za mraba 0.06 kwa sekunde. Muda wa kwenda umbali fulani hukadiriwa kwa kuuzidisha umbali huo kwa wenyewe, kisha kugawanya kwa mara mbili ya kadiri hiyo. Kwa chumba cha mita 5, yaani sentimita 500, tunapata 250,000 ÷ 0.12, ambayo ni sekunde zaidi ya milioni 2, au siku 24 hivi. Harufu iliyofika kwa dakika mbili ilibebwa na mikondo ya hewa: upepo wa dirishani, joto la miili, watu wanaopita. Mtawanyiko wa molekuli upo, ila kazi yake kubwa ni katika masafa mafupi, karibu na kitu chenyewe na ndani ya pua.

Kunuka na kunukia katika chupa moja

Kemia haijui harufu njema na mbaya. Hiyo ni hukumu ya pua na ubongo, na mara nyingine hukumu hiyo hubadilika kwa kadiri ya wingi. Mfano ulio wazi ni indoli. Kemikali hiyo imo katika maua ya asumini, ambayo wanawake wa pwani huyatunga vikuba. Imo pia katika kinyesi. Ikiwa kidogo, huchangia katika harufu ya ua; ikiwa nyingi, hunuka vibaya. Molekuli ni ile ile, isiyopungua wala kuongezeka atomi hata moja.

Lisije likadhaniwa kwamba wazee walioanza kusema nuka na nukia waliijua indoli. La hasha. Lakini ni kweli kwamba lugha yao iliitazama harufu kuwa ni jambo moja lenye pande mbili, ikatumia mzizi mmoja na kuutofautisha kwa kiambishi. Mgawanyo huo unamfaa mwalimu wa sayansi leo. Anaweza kulitumia neno harufu pale asipokusudia kuhukumu, kama katika kusema kwamba oksijeni haina harufu. Anaweza kutumia mnuko kwa harufu mbaya na mnukio kwa harufu nyepesi ya kupendeza. Marashi yatabaki kuwa jina la kioevu kinachonyunyizwa, na manukato yatabaki kuwa jina la jumla la vitu vyote vinukiavyo, viwe vya maji, vya unga au vya kufukiza.

Usahihi huu una faida nje ya darasa pia. Gesi ya kupikia kwa asili haina harufu. Viwandani hutiwa kemikali yenye salfa, ethili-merkaptani, kwa makusudi ili inuke, na mtu ajue kuwa mtungi unavuja kabla moto haujatokea. Mtungi wa gesi haunukii. Unanuka, na mnuko huo ni onyo. Mwanafunzi aliyefundishwa tofauti ya vitenzi hivyo viwili atalielewa onyo hilo na kuweza kumweleza mwenziwe bila ya utata.

Katika kazi ya kuunda istilahi za sayansi, iliyosimamiwa Tanzania na Baraza la Kiswahili la Taifa tangu lilipoundwa mwaka 1967, swali la asili ya neno hujitokeza kila siku. Maneno haya mawili yanaonyesha kwamba asili si sababu ya kulikubali wala kulikataa neno. Marashi ni geni kwa kuzaliwa, lakini limezaa rasharasha na rashasha na limekaa katika ngeli yake bila ya taabu. Manukato ni la ukoo, lakini kiambishi chake cha mwisho hakiwezi tena kuunda neno jipya linaloeleweka. Anayeunda istilahi anahitaji kujua mzizi wa kila neno una maana gani na bado una uhai kiasi gani.

Mazoezi

1. Tafuta maneno matano ya Kiswahili yanayoanza na ma- ambayo si ya asili ya Kibantu. Eleza kila moja limepata upatanisho wa ngeli gani.

2. Ikiwa mwanafunzi wako au mwenzako anajua lugha nyingine ya Kibantu, muulize inavyosema kuku, kuni, pete, kunuka na kunukia. Panga majibu katika jedwali kando ya Kiswahili. Je, sauti zinatofautiana kwa utaratibu?

3. Kwa kutumia hesabu iliyotolewa hapo juu, kadiria muda ambao mtawanyiko peke yake ungechukua kuifikisha harufu umbali wa sentimita 1. Linganisha jibu lako na siku 24 za mita 5, kisha eleza kwa nini muda haukupungua mara 500 tu.

4. Tia tone la maji ya waridi katika karatasi moja na tone la mafuta ya karafuu katika nyingine. Zinuse baada ya saa 1, saa 6 na saa 24, na uandike matokeo. Eleza kwa kutumia viwango vya kuchemka vya alkoholi ya feniliethili na yujinoli.

5. Sahihisha sentensi hizi inapobidi, na utoe sababu: (a) Ua la asumini linanuka vizuri. (b) Hidrojeni haina manukato. (c) Alifukiza marashi chumbani.